Barua Sita Kutoka Ufini

Willow Bench, Utah
26 Februari 1984

Mwanangu Corinne,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba unakula, maana ulipokuja Krismasi mifupa ya mabega ilikuwa inachungulia. Sisi hapa hatujambo. Theluji imefika kwenye komeo la banda la batamzinga, na baba yako anachimba njia kila asubuhi huku akiongea peke yake. Nikimwuliza, anasema anaongea na batamzinga. Batamzinga wako ndani, nje yuko yeye na koleo.

Bahasha yako kubwa ilifika Jumanne. Ile hadithi uliyoipiga taipu sijaisoma. Macho yangu siku hizi si mazuri, karatasi zenyewe nyingi, na juma zima tulikuwa tunashona blanketi la viraka la akina mama wa kanisani. Nimeipitia juu juu tu.

Sasa nakuuliza tu, usikasirike. Yule mama wa kwenye hadithi, kwa nini meza yake ya jikoni ni ya kijani na mguu mmoja umefungwa waya? Watu wangapi hapa bondeni wana meza kama hiyo? Dada LaVon Petersen amekula kwangu miaka ishirini, anaujua huo waya, umemchania soksi mara mbili. Na kwa nini mume wake afuge batamzinga? Angeweza kufuga kondoo. Halafu kijana anarudi kutoka misheni ya kuhubiri kabla ya miaka yake miwili kutimia, wazazi wanampeleka akafichwe kwa mjomba, akamue ng'ombe huko mpaka tarehe zifike. Sawa, mambo hayo hutokea, sikatai. Lakini ukurasa wa tisa, yule mama anasimama mbele ya akina mama wenzake kanisani anawasomea barua ya mwanawe kutoka ng'ambo, na barua yenyewe kaiandika yeye, kwa penseli, kwenye hiyo meza. Mwanangu. Ilikuwa lazima?

Nilikuwa nafikiri, hawezi kuwa Mmethodisti?

Nilimwuliza baba yako. Akasema, "Velda, Wamethodisti hawatumi vijana wao kugonga milango miaka miwili." Nikasema basi awe wa dini yoyote, mradi asikae Utah. Akasema, "Si umeniambia hujaisoma?" Huyo ndiye Orval, baba yako, anaongea mara mbili kwa juma na mara zote mbili ni kunichoma.

Jambo jingine dogo. Kata yetu ya kanisa inatimiza miaka mia tangu ianzishwe, na wanatoa kitabu cha historia chenye jalada gumu. Msimamizi ni Dada LaVon. Sanduku lako la karatasi za zamani bado unalo? Kama mna nakala za zile barua za kaka yako Lyle, zichome tu. Zinashika vumbi.

Kula.

Mama yako,
Velda Mortensen


Salt Lake City
3 Machi 1984

Mama yangu mpenzi,

Kama umeipitia juu juu, basi umeipitia vizuri, umefika mpaka kwenye waya.

Najua una hofu. Jarida lenyewe ni dogo. Linatolewa na watu watano wa kanisani kwetu, kwenye chumba cha kulia cha Dada Maurine Ashworth, ambaye ndiye mhariri na Jumapili anafundisha watoto wa miaka minne. Wanakunja wenyewe, wanabandika stempu wenyewe. Si maadui wa Kanisa, Mama. Dada Maurine aliniambia hivi: "Tuna hadithi za kutosha ambamo kila mmisionari anabatiza mji mzima. Niletee moja ambamo mmoja ameshindwa na mama yake bado anampenda." Ndipo nikaandika hiyo. Wanataka kuitoa Julai. Nimemwambia sitatia sahihi mpaka wewe ukubali, na Lyle naye akubali.

Sikuandika ili nikuaibishe. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu kiangazi kile mlipompokea Lyle uwanja wa ndege mkampitiliza moja kwa moja mpaka Idaho kwa mjomba Ferron. Wewe ulikuwa unaniita jikoni, unanisomea ulichoandika, mimi napiga taipu ili mwandiko wako usijulikane. "Usimwambie mtu, hata ukiombwa." Siku moja uliandika kwamba milima ya Ufini inamkumbusha Lyle nyumbani. Baba akapita na ndoo akasema, "Huko ni tambarare kama sinia, Velda." Ukafuta milima, ukaweka ziwa. Mpaka leo sijapata mwalimu mwingine aliyenionyesha hadithi inavyotengenezwa.

Na nimemwandika vizuri yule mama. Anadanganya kwa sababu mwanawe amerudi amevunjika, anataka watu wasimchungulie. Msomaji atamwonea huruma. Mimi namwonea.

Lakini kwa nini nizichome barua zile? Na Lyle anajua kwamba ziliwahi kuwapo?

Binti yako,
Corinne


Willow Bench
11 Machi 1984

Mwanangu Corinne,

Nimeisoma hadithi. Nimeisoma mara tatu. Haya, umenishika.

Lyle hajui. Anajua tulimpeleka kwa Ferron apumzike, na anajua watu hapa walidhani bado yuko ng'ambo, maana Ferron alimkataza kuonekana mjini. Barua hajui. Ndiyo maana nakuomba. Miaka yote hii hajatia mguu hapa kwetu, wajukuu zangu nawaona kwenye sebule ya Ferron kama mgeni, nawaletea pipi mfukoni. Watu nawaambia amepata kazi nzuri Idaho na ng'ombe hawana likizo. Hadithi hii ikitoka, LaVon akaisoma, akamwuliza Lyle, basi hata ile sebule sitaiona tena.

Sasa nikueleze la pili, maana nilikuficha. LaVon alikuja juma lile la blanketi. Amekaa hapo na vitabu vyake vya shajara, unamjua, hata idadi ya mayai ya mwaka 1951 anayo. Akasema, "Velda, nina zawadi yako. Nimepata barua sita za Mzee Mortensen nilizozinakili wakati ule, naziweka kwenye kitabu cha kata." Mzee Mortensen ndiye Lyle wetu, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye chunusi, si unajua wanavyowaita wamisionari. Akaendelea, "Garth wangu alikuwa hataki misheni kabisa. Nilimsomea ile ya ziwa, akafunga mlango wake, asubuhi akaniambia atakwenda." Macho yake yalikuwa yamejaa.

Ningesema nini, Corinne? Nilikuwa nimekusudia kusema hapana. Mdomo ukasema ndiyo, halafu mkono ukamwongezea kipande cha mkate na jemu ya pichi.

Kitabu cha kata kitakaa kabatini, nani atakisoma? Ila jarida lako litasomwa na watu wanaopenda kusoma, na hao ndio hatari. Nakuomba uirudishe hadithi. Au ungoje nife. Nina miaka sitini na mmoja na moyo wangu unarukaruka nikipanda ngazi.

Baba yako anasema moyo wangu ni mzima, unaorukaruka ni ulimi. Usimsikilize.

Mama yako


Salt Lake City
16 Machi 1984

Mama,

Hadithi nimeirudisha. Dada Maurine hakuuliza kwa nini, alinipa tu bahasha na kusema mlango uko wazi.

Sasa nisikilize. Hadithi yangu inasema tangu mstari wa kwanza kwamba ni ya kubuni, na jina la Lyle halimo. Kitabu cha kata kitasema ni historia, na kitamweka yeye, jina kamili, na mwaka. Kila familia itapata nakala, hata zilizohama. Umefikiria siku ambayo atafungua kifurushi hicho jikoni kwake, mbele ya Jolene na watoto?

Mwambie wewe, kabla LaVon hajamwandikia.

Corinne


Shamba la Ferron, Idaho
29 Machi 1984

Mama,

Sisi wazima. Wasichana wana tetekuwanga, Jolene amewapaka ile dawa ya rangi ya waridi wanatisha kuwaangalia. Ndama wamezaliwa kumi na wanne.

Nimepata bahasha kutoka kwa Dada LaVon Petersen. Anataka picha yangu nikiwa na suti ya misheni, na ameniletea barua zangu sita nizihakiki kabla hazijapigwa chapa. Nimezisomea kwenye chumba cha maziwa baada ya kukamua.

Mbili zina tarehe za wakati nilikuwa hapa kwa mjomba. Hizo hazikunishangaza sana. Watu walikuwa lazima waambiwe kitu.

Lakini nne ni za kabla. Moja ni ya Novemba 1972. Inasema nimebatiza mvuvi mmoja na mkewe ziwani, na kwamba sijawahi kuwa na furaha kama hiyo. Novemba 1972 nilikuwa Ufini kweli, Mama. Sikumbatiza mtu. Nilikuandikia barua tarehe tatu na nakumbuka nilichoandika, kwa sababu niliiandika mara nne kabla sijaituma.

Ulinijibu, kwa hiyo najua ilifika. Siku zote nilidhani labda sikueleza vizuri.

Uliisoma?

Picha sitatuma.

Lyle


Willow Bench
5 Aprili 1984

Mwanangu Corinne,

Nimekutilia humu barua ya Lyle. Isome kwanza, halafu rudi kwangu kama bado unataka.

Niliisoma. Nilizisoma zote, ziko kumi na moja, naweza kukwambia ipi ina doa la chai ya mnanaa. Wewe hukuwahi kuziona. Nilikuwa nakwambia kaka yako hajambo anakusalimu, na wewe unakwenda kucheza.

Nataka nikueleze ilivyoanza, na usinihurumie katikati.

Unajua nilisoma mpaka darasa la nane tu, halafu nikaenda kung'oa viazi sukari na akina mama wakubwa. Kanisani nilikuwa wa kuleta mikate. Wakisoma somo, mimi nikiulizwa naangalia mikono. Lyle alipotumwa, rais wetu wa akina mama akasema kila Jumapili ya kwanza Dada Mortensen atatusomea barua ya mmisionari wetu. Ile ya kwanza ilikuwa ya kweli kabisa, ya kutoka mafunzoni, alikuwa bado anacheka. Niliisoma, na Corinne, walinyamaza. Akina mama thelathini walinyamaza kwa ajili yangu. LaVon akanishika mkono.

Ya tatu ilikuja na huzuni ndani yake. Nikaruka mstari mmoja. Ya nne nikaruka mistari mingi, pakabaki mashimo, nikayaziba. Ya Novemba haikuwa na kitu cha kubakiza. Alikuwa hali chakula. Alikuwa anasimama mbele ya mlango wa mtu na mkono haupandi kugonga, mwenzake anagonga kwa niaba yake. Aliuliza kama akirudi tutamkasirikia. Nikaiweka kwenye mfuko wa aproni, nikachukua penseli, nikamwandika mvuvi na mkewe. Ilinichukua muda wa mkate kuumuka. Ilikuwa rahisi, na hilo ndilo linaloniua: niliipenda kazi ile. Nilimpa yule mke wa mvuvi kilemba cha bluu. Nikafikiria jinsi alivyotetemeka kwenye maji. Jumapili akina mama walilia, nikarudi nyumbani natembea kama niliyevaa viatu vipya.

Unajua nilimjibu nini mwanangu? Kwamba batamzinga wameuzwa vizuri na kata nzima inamwombea, asiwaangushe.

Akakaa mpaka Mei. Miezi sita, Corinne. Kijana tuliyempokea uwanja wa ndege, yule uliyemwandika wewe, anayeshika kofia kwa mikono miwili na haongei, hakuwa hivyo Novemba. Mwezi wa Februari ilifika hatua nikimwona mleta barua naomba asiwe na kitu kutoka kwake, maana kingeniharibia niliyokwisha kuandika. Niliomba hivyo. Niliomba kwa Mungu.

Kwa hiyo hadithi yako si ya kweli. Umemwandika mama aliyedanganya ili amlinde mtoto aliyekwisha kurudi. Mimi nilidanganya na yeye bado yuko kule ananiita. Umenipamba, na niliposoma nilijificha nyuma ya huyo mama uliyenitengenezea. Nilikasirika kwa sababu ya meza, nikanyamaza kwa sababu ya mengine.

Nimemwambia baba yako. Alivua kofia, akasema, "Novemba?" Nikasema ndiyo. Akaenda bandani. Siku mbili hajaniambia neno, hata la kunichoma. Leo asubuhi akaweka kikombe chini, akasema, "Kwa LaVon utakwenda mwenyewe au nikuwashie gari?"

Sijui nimjibu nini Lyle. Nimeanza mara sita. Kila ninapoandika naona inatoka nzuri, naichana.

Mama yako


Salt Lake City
10 Aprili 1984

Mama,

Nimekasirika. Sitakuandikia kwamba sijakasirika, maana sisi wawili tumeandikiana vya kutosha vya kufurahishana.

Lakini mimi nami nina langu. Nilikwambia sitatia sahihi mpaka Lyle akubali. Sikumwuliza. Hadithi ilikuwa mikononi mwa Dada Maurine tangu Oktoba, na nikiisoma mbele ya wenzangu chumbani kwake walinyamaza, na niliupenda ule ukimya. Sikumfikiria Lyle hata mara moja. Nilifikiria sentensi ya kofia, na jinsi ilivyokaa vizuri.

Barua zake za kweli ziko wapi?

Corinne


Willow Bench
6 Mei 1984

Mwanangu Corinne,

Ziko kwenye chumba cha chini, kwenye akiba ya chakula, ndani ya debe la ngano ya mwaka 1970. Nilijua hakuna atakayefika kwenye debe hilo mpaka njaa kuu ije. Nimezitoa. Zinanuka ngano.

Kwa LaVon nilikwenda kwa miguu. Nilimkuta anapanga picha za maaskofu wa zamani mezani, wote na ndevu. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana nikikaa ningepewa biskuti nikasahau. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Unaniambia Garth wangu alikwenda misheni kwa barua uliyoiandika wewe ukikaanga vitunguu?"

Nikasema, "Nilikuwa na mkate kwenye jiko."

Akasema, "Velda, ulivyoingia na uso huo nilidhani unakuja kuniambia una saratani." Kisha akasema, "Hiyo nisingekukasirikia."

Alizitoa zile kurasa sita kwenye faili lake, moja moja, akanirudishia. Nikashukuru nikafikiri nimemaliza. Akasema, "Unakwenda wapi? Hukunisomea mimi peke yangu. Ulitusomea sote." Kumbe huyo mwanamke ni mgumu hivyo, na miaka ishirini nimemwona akilia kwenye ubatizo wa kila mtoto.

Nikapiga simu Idaho kumwomba Lyle ruhusa. Hakuja kwenye simu. Jolene alikwenda kumwuliza, nikawa nasikia ng'ombe, akarudi akasema, "Anasema barua zile alikutumia wewe, ni zako. Soma utakayo. Ila usiongeze neno."

Leo ilikuwa Jumapili ya mfungo, ile ya kwanza ya mwezi. Nilisimama pale pale kwenye kile kimeza chenye kitambaa cha lesi. Nikawaambia zile za zamani niliziandika mimi, zote kumi na tisa, si zile sita tu alizonakili LaVon, na Lyle alirudi Mei ya mwaka wa kwanza tukamficha. Halafu nikasoma ya Novemba. Ni fupi, ukurasa mmoja na nusu. Nilitaka kulainisha pale anaposema hawezi kusali, nilisikia ulimi wangu ukijiandaa. Nikaisoma ilivyo.

Hakuna aliyekuja kunishika mkono. Mama mmoja kijana wa nyuma alitoka na mtoto wake, naye mtoto alikuwa amelala, wala hakuwa na sababu ya kutoka. Yule bibi Hulda ambaye hasikii akauliza kwa sauti, "Amebatiza wangapi?" Nikamwambia, "Hakuna, Hulda." Akasema, "Wangapi?" Ikabidi niseme tena kwa nguvu, "Hakuna hata mmoja." Nadhani mpaka kwenye darasa la wanaume walisikia.

Ndipo LaVon, kutoka safu ya mbele, akauliza, si kwa ukali, aliuliza kama mtu anayetaka kuandika kwenye shajara yake, "Na wewe ulimjibu nini?"

Nikawaambia. Batamzinga, na asiwaangushe.

Tukaimba wimbo wa kufunga. Kwenye korido watu waliniamkia kama unavyomwamkia aliyefiwa na mtu ambaye hakuwa mwema. Sikuwalaumu. Mimi ningejiamkia hivyo hivyo. Baba yako alikuwa ananingoja kwenye gari, injini inawaka, akasema, "Hulda nimemsikia mpaka hapa." Ndilo neno lake la kwanza la kawaida tangu Aprili, nikalia mpaka tukafika.

Hadithi yako, kama Lyle atakubali, na kama Dada Maurine bado anaitaka, iache itoke. Ila mwulize Lyle kwanza, mwulize kwa mdomo, na akikataa usimbembeleze. Na uitengeneze. Weka ile Novemba. Weka yule mke wa mvuvi na kilemba chake, na kwamba nilifurahi. Usinipunguzie. Sijasoma vitabu vingi, lakini najua sasa kwamba ukimwandika mtu afadhali kuliko alivyo, unamwibia aliyeumizwa naye.

LaVon ameacha kurasa mbili tupu kwenye kitabu cha kata, mahali pa Lyle. Anasema atazipeleka mtambo wa chapa hivyo hivyo, nyeupe, na jina lake juu, ikiwa yeye mwenyewe hatakuwa na la kuweka.

Sasa hivi namaliza hii halafu nakaa kumwandikia. Nadhani nimejua la kusema. Baada ya kuulizwa na LaVon ndipo nilipolijua.

Mama yako


Willow Bench, Utah
6 Mei 1984

Mwanangu Lyle,

Nimepata barua yako ya tarehe tatu Novemba 1972. Niliisoma siku ile ile ilipofika. Nisamehe kwa kuchelewa kuijibu.

Unasema huli. Unasema mkono haupandi kugonga mlango, na kwamba usiku unahesabu siku zilizobaki na hazipungui. Unauliza kama ukirudi tutakukasirikia.

Hatutakukasirikia. Rudi. Usingoje miaka itimie, usingoje hata Jumapili. Mwambie rais wa misheni kwamba mama yako amesema urudi, na akitaka kubishana anipigie mimi, jikoni nipo mchana kutwa.

Baba yako na mimi tutakuja uwanja wa ndege. Tutakuleta hapa nyumbani, si kwa mtu mwingine, na tutapita barabara kubwa mchana watu wakiwa kwenye vibaraza vyao. Watakaouliza nitawaambia Lyle amerudi kwa sababu alikuwa anaumwa na alitaka kwao. Hutasimama mbele ya mtu yeyote kutoa taarifa. Ukitaka kulala mwezi mzima, utalala, mlango nitaufunga mimi.

Hukueleza vibaya. Ulieleza vizuri sana, nilikuelewa tangu mstari wa kwanza.

Usijisumbue kujibu kama huna nguvu. Njoo tu. Na kama una watu wa kuja nao, njoo nao.

Mama yako,
Velda